Sheria ya Mwituni: Ni Nani Aliyeitunga?

Kuna kauli moja iliyoota mizizi katika tasnifu, insha na hata mihadhara ya fasihi ya Kiswahili, hivi kwamba aitumiaye hahisi tena haja ya kuitetea. Mhakiki anapokutana na mhusika bwanyenye anayewapokonya wanakijiji ardhi yao, au mtawala anayewatupa wapinzani wake gerezani, aghalabu huandika kuwa katika jamii hiyo inatawala "sheria ya mwituni": mkubwa humla mdogo, na mwenye nguvu hupishwa njia. Akisha kuandika hivyo, hutia kituo na kuendelea na sura nyingine. Kauli imekwisha kufanya kazi yake. Hakuna aulizaye iwapo huko mwituni mambo ndivyo yalivyo.

Yamkini wapo watakaoliona suala hili kuwa dogo. Mwanafunzi wa fasihi ana shughuli gani na ulaji wa wanyama? Hata hivyo, sitiari si pambo la kuning'inizwa ukutani. Anayesema kwamba mnyakuzi wa ardhi ni simba amesema mambo mawili kwa mpigo mmoja. Kwanza, amesema kuwa mtu huyo ni katili. Pili, bila ya kukusudia, amesema kuwa ameumbwa hivyo. Simba halaumiwi kwa kumla punda milia, wala hajawahi kupelekwa mahakamani kwa kosa hilo. Mhakiki aliyeinuka kumshtaki bwanyenye huishia kumwandikia utetezi, tena utetezi mzuri kuliko ambao bwanyenye mwenyewe angeweza kuununua. Ndiyo maana inafaa kuuliza kauli hii imetoka wapi, na kama kuna ukweli wowote ndani yake.

Kwanza, si kauli ya wahenga wa Kiswahili. Ni tafsiri. Katika Kiingereza ilipata umaarufu kupitia hadithi za Rudyard Kipling kuhusu wanyama wa mwituni wa Bara Hindi, zilizochapishwa katika vitabu viwili mwaka wa 1894 na 1895. La kushangaza ni kuwa katika hadithi hizo sheria ya mwituni si fujo ya wenye nguvu hata kidogo. Ni kanuni za kundi la mbwa mwitu: jinsi windo linavyogawanywa, nani apewe fungu lake kwanza, na kwamba wakati wa kiangazi kikali ni mwiko kwa mnyama yeyote kumwinda mwingine kwenye maji. Waliozipokea hadithi hizo waliichukua kauli na kuyaacha maudhui. Jambo lilo hilo lilitokea kwa ile kauli nyingine inayonukuliwa kama dada yake, ile isemayo kuwa aishiye ni yule anayefaa zaidi. Wengi hudhani ni ya Charles Darwin. Aliyeibuni ni Herbert Spencer mwaka wa 1864. Darwin aliiazima baadaye, katika toleo la tano la kitabu chake lililotoka mwaka wa 1869. Ilipofika katika Kiswahili cha madarasani, neno "anayefaa" liligeuzwa kuwa "mwenye nguvu". Kufaa na kuwa na nguvu si kitu kimoja. Chura anayelala ndani ya tope la bwawa lililokauka hadi mvua irejee anafaa sana, wala hana nguvu za kumtisha mtu.

Wahenga, kwa upande wao, walikuwa na macho. Ichukuliwe methali ambayo kila mwanafunzi aliikariri shuleni: simba mwenda pole ndiye mla nyama. Walimu huieleza kuwa ni nasaha kuhusu subira, na maelezo hayo hayana kosa. Lakini kabla ya kuwa nasaha, methali hiyo ilikuwa ni taarifa ya mtu aliyemtazama simba. Simba hana pumzi ya mbio ndefu. Hukimbia kwa kasi kubwa kwa masafa mafupi tu, kisha huishiwa. Na punda milia aliyemwona mapema humtoka. Riziki ya simba imo katika ule mwendo wa pole wa kabla ya mbio, tumbo likiburura ardhini, majani au vichaka vikimficha mpaka awe hatua chache kutoka kwa windo lake. Msamiati wa Kiswahili unakiri hivyo: kuvizia, kuotea, kunyatia, kunyemelea. Vitenzi vyote hivyo ni vya kujificha na kungoja. Lugha ambayo ingeamini kwamba mbuai hushinda kwa nguvu peke yake isingehitaji vitenzi vinne vya kunyata.

Kutoka kwa simba si mbali kufika kwa fisi, ambaye katika ngano ni mlafi, mwoga na mdokozi wa makombo ya mfalme. Mnamo miaka ya 1960 mtafiti Mholanzi, Hans Kruuk, aliwafuatilia fisi madoadoa katika Serengeti na kreta ya Ngorongoro, akikesha nao kwa kuwa wao huwinda zaidi usiku. Wageni waliokuwa wakifika kretani asubuhi walikuwa wakiwakuta simba wakila mzoga na fisi wakizunguka kwa mbali, nao wakaondoka na uhakika kuwa simba ameua na fisi anadoea. Kruuk, aliyekuwapo usiku, alijua kuwa mara nyingi ilikuwa kinyume chake. Fisi ndio waliokimbia, wakakamata na kuua. Kisha simba wakasikia kelele, wakaja na kuwafukuza. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1972. Fisi wa Ngorongoro alijipatia chakula chake kingi kwa kuwinda mwenyewe, na mfalme ndiye aliyekuwa mporaji. Mhakiki anayetaka sitiari ya utawala dhalimu angepata hapa kitu cha maana zaidi kuliko "mkubwa humla mdogo": mkubwa humsubiri mdogo afanye kazi, kisha huja kula. Lakini kwa hilo hana budi kukesha.

Mfano ulio bora kupita yote, hata hivyo, uko hapa nchini, katika nyanda za Laikipia, na unamhusu mdudu asiyezidi punje ya mtama.

Katika sehemu kubwa ya Laikipia udongo ni ule mweusi unaonata wakati wa masika na kupasukapasuka wakati wa kiangazi. Karibu miti yote inayoota juu ya udongo huo ni ya aina moja, mgunga mfupi ambao miiba yake mingine imevimba katika shina lake ikawa nundu zenye uwazi ndani. Nundu hizo hutobolewa na sisimizi, na upepo ukivuma matundu hayo hulia mfano wa filimbi. Ndani ya nundu wanaishi sisimizi wa aina ya Crematogaster. Mti huwapa nyumba, na huwapa pia utomvu mtamu unaotoka kwenye vijitezi vya majani. Nao huulipa kwa kuulinda. Mnyama akikaribia kula majani, hutoka kwa maelfu na kumwuma midomo na macho. Ndovu, ambaye anaweza kuung'oa mti huo kama mtu ang'oavyo mchicha, hupita kando, maana sisimizi wanaoingia ndani ya mkonga si jambo la kuvumilika. Kwa njia hii mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu anazuiwa na mlinzi ambaye hata kivuli hana.

Isidhaniwe kuwa juu ya miti hiyo kuna amani. Laikipia kuna aina nne za sisimizi wanaoishindania migunga hiyo hiyo, na kwa kawaida mti mmoja humilikiwa na jamii moja tu kwa wakati mmoja. Matawi ya miti miwili yakigusana, vita huzuka, na asubuhi maiti za sisimizi hukutwa zimetapakaa chini ya shina. Aliye dhaifu vitani ana mbinu zake. Mmoja wao, Tetraponera, huviharibu vile vijitezi vya utomvu kwenye mti anaokaa, ili mti usiwe na kitu cha kumtamanisha jirani mwenye jeshi kubwa. Mwingine huyakata machipukizi ya pembeni ili matawi yasirefuke na kuufikia mti wa jirani. Mshindi wa vita, kwa upande wake, si lazima awe mpangaji mwema: aina ambayo huwashinda wenzake kwa wingi, Crematogaster sjostedti, haijishughulishi sana kuulinda mti, na hupenda kukaa katika mashimo yaliyochimbwa na mabuu ya mende wanaotoboa shina. Kwa maneno mengine, anayeshinda vita ndiye anayeuacha mti uoze. Hapa mwanafunzi wa riwaya ya kisiasa ana haki ya kutabasamu.

Kuhusu miti hii kuna tokeo jingine ambalo lingestahili makala yake yenyewe. Mwaka wa 1995, huko Mpala, Laikipia, wanasayansi walizungushia viwanja nyua za kuwazuia wanyama wakubwa, ndovu na twiga wakiwamo. Mtu angetarajia kuwa mti usioliwa ungestawi. Baada ya takriban miaka kumi, Todd Palmer na wenzake waliandika katika jarida la Science mwaka wa 2008 kuwa ilikuwa kinyume. Mti ulipokosa adui, ulipunguza kuwalipa walinzi: nundu zikawa chache, na utomvu ukapungua. Walinzi wema wakadhoofika, na wengine wakaanza kuwafuga wadudu wanaofyonza maji ya mti ili wapate utamu wao kwa njia nyingine. Yule mshindi asiyelinda akatwaa miti mingi zaidi, mende wakatoboa mashina, na miti ndani ya ua ikakua polepole na kufa kwa wingi kuliko ile ya nje iliyokuwa ikiliwa kila siku. Aliye na nadharia rahisi ya mlaji na mliwa ajaribu kuitumia hapo.

Kisha akaja mgeni. Mwanzoni mwa karne hii aliingia Laikipia sisimizi mwenye kichwa kikubwa, Pheidole megacephala, ambaye inakisiwa asili yake ni kisiwa kimojawapo cha Bahari ya Hindi na ambaye amesambazwa duniani kwa mizigo ya wanadamu. Hamwumi ndovu. Hana habari na ndovu. Alilofanya ni kuwavamia sisimizi wa nundu, akawaua waliokomaa na kula mayai na mabuu yao, kisha akaacha miti bila mlinzi. Ndovu hawakukawia kugundua. Katika maeneo yaliyovamiwa, miti huvunjwa na kuliwa na ndovu kwa kiwango cha mara tano hadi saba kuliko mahali ambapo mgeni hajafika. Pale palipokuwa na msitu mfupi wa migunga pakawa uwanda wa majani.

Hadi hapa, simba hajatajwa. Lakini uwanda wa majani hauna mahali pa kunyatia. Mwezi wa Januari mwaka wa 2024 mtafiti Mkenya, Douglas Kamaru, na wenzake walichapisha katika jarida lilo hilo la Science matokeo ya utafiti wao katika hifadhi ya Ol Pejeta. Waliwavisha simba majike kola za kufuatilia mienendo yao, wakachunguza wapi punda milia wanauawa na wapi hawauawi. Penye sisimizi wa asili na miti yao, punda milia waliuawa kwa takriban mara tatu kuliko palipovamiwa na mgeni. Simba ni wale wale, na makucha yao hayakupungua urefu. Kilichoondoka ni kichaka. Mwaka wa 2003 punda milia walikuwa asilimia 67 ya wanyama waliouawa na simba katika hifadhi hiyo. Kufikia mwaka wa 2020 walikuwa asilimia 42. Nyati, ambao mwaka wa 2003 hawakuwamo kabisa katika hesabu hiyo, walikuwa wamefika asilimia 42 pia. Idadi ya simba haikushuka, kwa sababu wamegeukia nyati. Lakini nyati ni windo zito na la hatari, ambalo huhitaji simba wengi zaidi na ambalo huweza kumwua mwindaji wake kwa pembe.

Msururu huo ufikiriwe tena pole pole. Sisimizi mmoja anamshinda mwenziwe. Mti unapoteza mlinzi. Ndovu anavunja mti. Jicho la punda milia linaona mbali. Simba analala njaa au anamkabili nyati. Nani mkubwa hapa, na nani mdogo? Katika msururu wote huo hakuna hata hatua moja ambapo nguvu za misuli zilikuwa ndilo jibu. Wahenga walisema kuwa mdharau mwiba mguu huota tende, lakini hata wao hawakuwaza kwamba mwiba wenyewe una wakazi, na kwamba wakazi hao ndio wanaoamua chakula cha mfalme.

Hapana budi kukubali kuwa uko mfano mmoja, tena mkubwa, unaoelekea kuithibitisha ile kauli ya mkubwa kumla mdogo. Katika Ziwa Victoria palikuwa na zaidi ya aina 500 za samaki wadogo wenye rangi za kuvutia, ambao Waluo huwaita fulu na ambao Tanzania hujulikana kama furu. Kila aina ilikuwa na riziki yake: wa kukwangua mwani mawe, wa kuvunja konokono, wa kula mayai ya wenzake. Kisha akatiwa sangara, au mbuta kama aitwavyo upande wa Kenya, samaki anayeweza kuzidi kilo 100. Mnamo miaka ya 1980 fulu walitoweka kwa kasi ambayo wataalamu wa viumbe hawakuwahi kuishuhudia. Hukadiriwa kuwa takriban aina 200 zilipotea. Hapa basi mkubwa kweli alimla mdogo.

Lakini sangara hakuja kwa miguu yake. Aliletwa kwa ndoo, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na maafisa walioona kuwa fulu ni samaki mdogo mwenye miba mingi asiye na faida sokoni, na kwamba ingefaa ageuzwe kuwa nyama ya samaki mnono. Isitoshe, mbolea na maji taka kutoka nchi kavu yalikuwa yakilitia ziwa ukungu, na fulu, ambao jike humchagua dume kwa rangi yake, hawakuweza tena kutambuana vizuri katika maji yasiyopenya mwanga. Kwa hiyo mahali pekee ambapo "sheria ya mwituni" ilitekelezwa kikamilifu ni pale ambapo serikali iliileta kwa ndoo. Na baada ya kuwamaliza fulu, sangara alikula nini? Alikula uduvi, alikula dagaa, na alikula watoto wake mwenyewe. Leo samaki anayeongoza kwa uzito miongoni mwa wavuliwao katika ziwa hilo ni dagaa, yule omena anayeuzwa kwa kikombe. Baadhi ya fulu nao wamerejea, hasa baada ya wavuvi kumpunguza sangara.

Wapo watakaosema kuwa fasihi si elimu ya viumbe, na kuwa simba wa ngano si simba wa Ol Pejeta. Ni kweli, na hoja hiyo inapaswa kuheshimiwa. Hakuna anayemtaka fanani akapime mbio za fisi kabla ya kutamba hadithi. Lakini anayetoa hoja hiyo azitazame ngano zenyewe. Ni ngapi kati ya hizo ambamo mkubwa humla mdogo na hadithi ikaishia hapo? Sungura humshinda simba, humpanda fisi kama punda, humdanganya ndovu. Kisha kobe humshinda sungura. Ngano za Kiafrika hazikuwahi kuifundisha sheria ya mwituni inayodaiwa kuwa ya asili. Aliyeifundisha ni kitabu cha shule kilichotafsiriwa. Hata ile hadithi ya kisiasa ya wanyama inayosomwa sana katika Kiswahili, Shamba la Wanyama, aliyoitafsiri Fortunatus Kawegere mwaka wa 1967, haikutendeka mwituni bali zizini. Nguvu za nguruwe hazikutokana na meno yao.

Mwaka huo huo wa 1967 ndio uliotolewa Azimio la Arusha, na hapa Kiswahili kina jambo la kujivunia ambalo wanafunzi wa leo wanakaribia kulisahau. Siasa na ushairi wa kipindi hicho nchini Tanzania ulikuwa na mnyama wake wa kumsawiri mdhalimu, na mnyama huyo hakuwa simba. Alikuwa kupe. Tajiri aishiye kwa jasho la wengine alikuwa kupe, na mali yake iliingia kwa mirija. Neno lenyewe la kutaja dhuluma ya kiuchumi, ambalo limesalia hadi leo katika kila tasnifu, ni unyonyaji. Na simba hanyonyi.

Tofauti kati ya sitiari hizo mbili ni kubwa. Simba ni mkubwa kuliko punda milia, ana manyoya ya kifalme, na humkabili windo lake mchana kweupe ikibidi. Kupe ni mdogo kuliko anayemla. Hushuka kutoka kwenye ncha ya jani kimya kimya, huchagua mahali laini ambapo mkia haufiki, hujaa na kuwa mviringo, na uzito wake wote ni damu isiyo yake. Akimwua ng'ombe, hamwui kwa nguvu bali kwa kijidudu anachokibeba, kama kile cha ndigana kali, ambacho mfugaji wa Bonde la Ufa anakijua kuliko profesa yeyote. Kupe ndiye anayemhitaji ng'ombe. Ng'ombe hamhitaji kupe. Aliyemwita bwanyenye kupe alikuwa amekwisha kutoa uchambuzi mzima wa uchumi kwa neno lenye silabi mbili, na alikuwa amemwachia msomaji wazo la hatari: kwamba kupe hubanduliwa. Aliyemwita simba amemwachia msomaji nini zaidi ya kukimbia?

Wakati gani wahakiki walianza kumwacha kupe na kumrudia simba, ni swali linalostahili tasnifu ya mtu mwenye subira. Huenda iliambatana na kufifia kwa Ujamaa. Huenda pia ni uvivu tu, maana kauli iliyotafsiriwa huja ikiwa tayari imepikwa.

Ichukuliwe, kwa mfano, tasnifu inayohusu riwaya ya Kenya ambamo ardhi ya umma inanyakuliwa. Mwandishi wake ana njia mbili. Anaweza kuandika kuwa mnyakuzi ni simba katika jamii ya mwituni, akapata alama zake, akaenda zake. Au anaweza kuuliza, kama walivyouliza watafiti wa Laikipia, windo lilikamatiwa wapi na kichaka kilikuwa cha nani. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka wa 2004 ingemsaidia, kwa kuwa ilionyesha kuwa ardhi ya umma haikuchukuliwa kwa misuli. Ilipitia kwa maafisa waliokabidhiwa kuilinda, kwa wapima ardhi, kwa mawakili, kwa barua zenye mihuri. Mwandishi huyo akirudi kwenye riwaya yake na kumsoma upya, ukurasa baada ya ukurasa, yule karani wa wizara anayetajwa mara mbili tu, ambaye faili ilipotea mezani pake siku ya Ijumaa na kuonekana Jumatatu ikiwa na jina jingine, atakuwa amempata sisimizi wake.